TUTUNZE MAWE YA UWANJANI YASITUANGUSHE

Mazungumzo haya yalitolewa na fundi mwashi mbele ya wahitimu wa kisomo na wanakijiji wenzao. Tunayachapa ili vikundi vingine vya Mbeya na Iringa viyasome na kuyajadili.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya uwanja wa mawe ulio mbele ya zahanati yetu. Uwanja huo sote tunaujua, maana tuliujenga kwa mikono yetu. Mawe meusi ya uwanjani tuliyabeba wenyewe. Mawe meupe ya ngazi yaliletwa kwa gari kutoka Songwe. Kazi ilikuwa nzuri, na tope likaisha mlangoni pa zahanati.

Lakini sasa uwanja huo unateleza. Wakati wa mvua zilizopita bibi mmoja alianguka hapo akavunjika nyonga. Alikuja kutafuta dawa ya kifua, akarudi nyumbani amebebwa kwenye machela. Akina mama wajawazito wanapita hapo hapo kila siku ya kliniki, na wengine wamebeba watoto mgongoni. Basi jambo hili si la urembo. Ni jambo la afya.

Nimesikia pendekezo kwamba fedha za mchango zinunue vanishi, tuyapake mawe yote mpaka yang'ae. Mimi kama fundi nasema wazi: tusiinunue vanishi hiyo. Kwanza tuyajue mawe yetu. Pili tuyape maji njia. Tatu tusafishe na kukausha. Tukimaliza hayo matatu, ndipo tuulizane kama dawa ya kupaka inahitajika. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine.

KWA NINI MAWE YANATELEZA

Jiwe letu halikutandikwa likiwa laini kama kioo. Kinachoteleza ni ule utando wa kijani ulio juu yake. Utando huo ni mimea midogo sana, nayo inahitaji vitu vitatu: maji, kivuli, na uchafu wa kushikilia, yaani udongo na majani yaliyooza.

Tazameni uwanja wetu. Sehemu inayopigwa na jua haina utando. Sehemu iliyo chini ya mti, na ile ambayo maji ya bati hudondokea, ndizo za kijani. Ukikwangua utando huo leo, na maji yakaendelea kudondoka pale pale, baada ya wiki chache utarudi. Utakuwa umefanya kazi ya bure.

TUYAJUE MAWE YETU

Nyanda za Juu Kusini tuna mawe ya namna nyingi. Ukifika Iringa utaona majabali makubwa ya matale, yaani graniti, mpaka katikati ya mji. Hata majina ya mahali yanataja mawe. Gangilonga maana yake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Tosamaganga, wenyeji husema maana yake ni tupa mawe. Na ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894, ilizungushiwa ukuta wa mawe. Matale ni jiwe gumu. Hunywa maji kidogo sana.

Ukija upande wa Rungwe utakuta mawe meusi yaliyotokana na volkeno. Daraja la Mungu, lile linalopita juu ya mto Kiwira, ni la mawe ya namna hiyo. Mawe haya mengine ni mazito na yameshikamana. Mengine yana matundu mengi, na hayo hunywa maji kama sifongo.

Halafu kuna jiwe la Songwe, jirani na mji wa Mbeya. Hilo ni jiwe la chokaa. Pale Songwe kuna chemchemi za maji moto yenye chokaa ndani yake. Maji yakifika juu huiacha chokaa hiyo, na kwa muda mrefu sana hugeuka jiwe. Ndiyo maana kiwanda cha saruji kikajengwa pale. Jiwe hili ni zuri kwa macho, lakini lina adui mmoja mkubwa. Adui huyo ni kitu chochote kikali kama limau: siki, maji ya betri, au tindikali ya aina yoyote.

Sasa utajuaje jiwe lako ni la namna gani? Yapo majaribio mawili ambayo kila mtu anaweza kuyafanya.

Jaribio la kwanza ni la limau. Chagua mahali pasipoonekana. Dondosha matone mawili matatu ya limau, kisha angalia kwa karibu. Likitoa povu dogo, hilo ni jiwe la chokaa. Osha hapo hapo kwa maji mengi.

Jaribio la pili ni la maji. Dondosha maji kidogo juu ya jiwe safi lililokauka. Subiri dakika 10. Maji yakibaki juu kama tone la umande juu ya jani la gimbi, jiwe hilo halinywi, na dawa ya kupaka haina kazi hapo. Maji yakizama na jiwe likawa jeusi, jiwe hilo linakunywa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja yenye ngazi za jiwe la chokaa. Mtu mmoja alikuwa amewashauri wamwagie tindikali ili ziwe nyeupe. Siku ya kwanza kweli zilikuwa nyeupe, na watu wakashangilia. Mvua zilipokuja, jiwe lilikuwa limeliwa na kuwa na mashimo mashimo. Uchafu ukaingia ndani ya mashimo hayo, na ngazi zikawa chafu kuliko mwanzo. Jiwe likishaliwa hakuna dawa ya kulirudisha. Ndugu zangu, ngazi zetu za zahanati ni za jiwe hilo hilo.

MAJI YAPATE NJIA

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme uwanja una urefu wa mita 10 na upana wa mita 10. Eneo lake ni mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, maji yanayoanguka juu yake ni lita 1,000. Hizo ni ndoo 50 za lita 20! Na sisi tunajua kwamba huku kwetu milimita 10 si mvua ya kushangaza. Bado hatujahesabu maji ya bati.

Maji hayo yote yanakwenda wapi? Yasipopata njia yatatuama. Yakituama yataleta utando wa kijani, yataingia chini ya mawe, yataondoa mchanga, na mawe yataanza kucheza. Waliofika Isimila karibu na Iringa wameziona zile nguzo ndefu za udongo zilizosimama bondeni. Hakuna fundi aliyezichonga. Ni mvua na maji yapitayo yaliyokula ardhi kwa maelfu ya miaka, na nguzo ndizo zilizobaki. Maji yana subira kuliko sisi.

Kwa hiyo uwanja wa mawe lazima uwe na mteremko. Kwa mawe yasiyochongwa sana kama yetu, kipimo kizuri ni sentimita 2 kwa kila mita 1. Uwanja wa mita 10 utashuka sentimita 20 kutoka ukutani mpaka kwenye mfereji. Kupima si kazi ngumu. Tumia kamba na pima maji, au mpira mwangavu uliojazwa maji kama mafundi wanavyofanya. Mawe yaliyodidimia tuyang'oe, tuongeze mchanga chini, tuyarudishe.

Jambo lingine ni bati. Tuweke mfereji wa bati na tanki au pipa. Hapo tutapata faida mbili: uwanja utakauka, na zahanati itapata maji ya kufulia na kusafishia.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kazi ya kusafisha ifanywe hivi.

Kwanza, fagia pakavu. Ondoa majani, mchanga na udongo wote. Ukimwaga maji juu ya udongo utatengeneza tope, na tope litaingia katika vinyweleo vya jiwe.

Pili, ng'oa majani yaliyoota katika maungio ya mawe, pamoja na mizizi yake. Tumia kisu butu au kijiti kigumu.

Tatu, mwagia maji, uache jiwe lilowe kidogo. Halafu sugua kwa brashi ngumu ya sakafu pamoja na maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo. Usitumie brashi ya nyaya za chuma. Brashi hiyo huchuna jiwe na kuacha vipande vidogo vya chuma, navyo vikipata maji huleta madoa ya kutu.

Nne, suuza kwa maji safi mpaka povu liishe kabisa. Sabuni iliyobaki juu ya jiwe nayo inateleza, tena inashika vumbi.

Tano, kama utando wa kijani umekataa kutoka, tumia dawa ya klorini ile ya kufulia nguo nyeupe. Kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 10 vya maji. Jaribu kwanza juu ya jiwe moja. Paka, acha dakika 15, sugua, kisha suuza kwa maji mengi.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki, limau, tindikali au dawa nyingine ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Vaa glavu na viatu. Watoto, kuku na mbuzi wakae mbali. Maji ya kusuuzia yasielekezwe kisimani wala kwenye chemchemi.

MADOA

Doa la mafuta ya taa au ya kupikia lisisuguliwe mara moja, maana utalisukuma ndani. Nyunyizia majivu makavu au udongo mweupe laini, uache unywe mafuta, ukwangue. Lililobaki lifunike kwa udongo mweupe uliokandwa na sabuni na maji mpaka uwe kama ugali. Funika na plastiki usiku kucha, kisha uondoe na kuosha. Huenda ukarudia mara mbili au tatu.

Unga mweupe unaojitokeza juu ya mawe mapya, hasa penye saruji, ni chumvi. Maji yanapotoka ndani ya saruji na ardhi huiacha juu. Wengi huimwagia maji kila siku, kumbe wanairudisha ndani. Ifagie ikiwa kavu. Mara nyingi huisha yenyewe maji yakipungua chini.

JE, TUPAKE DAWA AU TUSIPAKE?

Sasa tufike kwenye lile lililotuleta hapa. Dawa za kupaka mawe ziko za namna mbili kubwa.

Namna ya kwanza hukaa juu ya jiwe kama ngozi. Vanishi ni ya namna hiyo. Ndiyo inayong'aa na ndiyo inayopendwa madukani. Lakini mahali pa mvua ina hasara mbili. Ikilowa inateleza, na sisi tunataka kuzuia watu wasianguke! Hasara ya pili, inafunga unyevu ndani. Chini ya mawe yetu kuna ardhi, na ardhi ina maji yanayopanda juu. Mtu akivaa koti la plastiki juani, jasho lake hubaki ndani. Jiwe nalo ni vivyo hivyo. Vanishi itatoka malengelenge meupe, itabanduka vipande vipande, na kuiondoa ni kazi kuliko kuipaka.

Namna ya pili huingia ndani ya vinyweleo vya jiwe. Haionekani na haing'ai. Inalifanya jiwe lisinywe maji ya mvua, lakini mvuke wa chini unaendelea kutoka. Kwa uwanja wa nje, namna hii ndiyo inayofaa, tena kwa mawe yanayokunywa maji tu.

Wengine wamesema tupake oili chafu ya gari kwa kuwa ni ya bure. Hapana. Oili chafu ina sumu, huoshwa na mvua mpaka mtoni, na inateleza sana. Nta nayo inateleza. Mafuta ya kupikia yananuka na kushika vumbi.

Kama tutaamua kupaka ile ya namna ya pili, yako masharti.

Sharti la kwanza ni ukavu. Jiwe linaweza kuonekana kavu juu huku ndani limelowa. Baada ya kuosha tusubiri siku kadhaa za jua. Huku kwetu wakati mzuri ni Agosti mpaka Oktoba. Juni na Julai kuna baridi na umande mwingi. Kuanzia Novemba mvua zinaanza, na wenzetu wa Rungwe wanajua kwamba kwao mvua hainyamazi sana hata kiangazi. Wao wavizie siku kavu zinazofuatana.

Sharti la pili, saruji mpya ya maungio ikae karibu mwezi mmoja kwanza, ikomae na kutoa chumvi yake.

Sharti la tatu, jaribu juu ya jiwe moja au mawili. Ngoja yakauke, mwagia maji, kisha tembea juu yake ukiwa na kandambili. Ikiteleza, usiendelee.

Sharti la nne, paka wakati jua si kali. Paka kidogo kwa brashi. Kile ambacho jiwe halikukinywa baada ya dakika chache kifutwe kwa kitambaa kabla hakijakauka, kisije kikaacha mabaka. Dawa nyingine hushika moto upesi, kwa hiyo sigara na jiko vikae mbali. Paka nusu ya uwanja leo na nusu siku nyingine, ili wagonjwa wapate njia.

TUTUMIE KISOMO CHETU

Ndugu wahitimu, sisi tunajua kusoma na kuhesabu. Basi kabla ya kulipa, tusome maandishi ya kwenye kopo. Je, imeandikwa ni ya nje? Ni ya jiwe la asili, au ni ya mbao? Inakaa juu au inaingia ndani? Lita 1 inatosha mita ngapi za mraba? Yakiwa kwa Kiingereza, tumwombe mwalimu au mtoto wa sekondari atusomee. Kuuliza si ujinga.

Kisha tupige hesabu. Uwanja wenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8 una mita za mraba 96. Kopo likisema lita 1 inatosha mita za mraba 8, tutagawa 96 kwa 8, tupate lita 12. Muuzaji akituambia tununue lita 40, tumwulize nyingine ni za nini.

Na tukumbuke kwamba dawa hizi hazidumu milele. Baada ya miaka michache huisha nguvu. Kila mwaka turudie lile jaribio la maji. Tone likikaa juu, dawa bado ipo. Likizama, imekwisha. Anayewaambia kwamba mkipaka mara moja mmemaliza, anawadanganya.

PENDEKEZO LANGU

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza hivi. Mchango wetu ununue kwanza mfereji wa bati na pipa. Siku moja ya msaragambo tunyanyue mawe yaliyodidimia na kuchimba njia ya maji. Siku ya pili tupunguze matawi ya mti, tufagie, tusugue na kusuuza. Ngazi nyeupe zisiguswe na kitu kikali chochote, tena tuzitilie mkono wa kushikilia wazee. Kuanzia hapo uwanja ufagiliwe kila siku na kusuguliwa kila mwezi wakati wa mvua, kwa zamu za vitongoji. Mvua zikipita tutaona wenyewe. Kama mawe yatakuwa yanakauka, fedha ya dawa itabaki mfukoni. Kama ngazi za chokaa zitakuwa bado zinakunywa maji, tutanunua lita chache za ngazi tu.

Najua mawe yanayong'aa yanapendeza wageni wakija. Lakini mgonjwa hahitaji uwanja unaong'aa. Anahitaji afike kwa mganga na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Uamuzi ni wenu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mawe ya uwanja au njia yenu ni ya namna gani? Fanyeni jaribio la limau na la maji.
2. Uwanja wa mita 15 kwa mita 6 ukipata mvua ya milimita 10, utapokea lita ngapi za maji?
3. Kwa nini vanishi haifai kwenye mawe ya nje?
4. Taja vitu viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa na dawa ya klorini.
5. Katika kijiji chenu ni mahali gani watu huteleza wakati wa mvua? Mtafanya nini kabla ya Novemba?